Ajali katika makutano ya barabara: Nani wa kulaumiwa, na mwathiriwa afanye nini?

MAGARI mawili yanapogongana kwenye makutano ya barabara, jambo la kwanza kusikika baada ya mshindo wa vyuma ni kelele za kulaumiana. Kila dereva huapa kwamba ndiye aliyekuwa na haki ya kupita. Utingo huingilia kati, wapita njia hugawanyika pande mbili na, kabla ya polisi kuwasili, kila mtu ashakuwa hakimu. Wakati huo huo, abiria aliyevunjika mguu amelazwa ukingoni mwa barabara na hakuna aliyekumbuka kunakili nambari za magari hayo.

Hivyo ndivyo Wakenya wengi hupoteza haki yao ya kulipwa fidia hata kabla hawajafika hospitalini. Sheria haimsikilizi anayepaza sauti zaidi. Husikiliza ushahidi, nao ushahidi wa ajali huanza kutoweka saa ile ile magari yanapoondolewa barabarani.

Suala hili si dogo. Rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani (NTSA) zinaonyesha kuwa zaidi ya watu 4,000 waliangamia barabarani nchini katika kila mmoja wa miaka ya 2022, 2023 na 2024. Makutano ya barabara yana hatari zake za kipekee kwa sababu ndipo magari, bodaboda, waendao kwa miguu na wachuuzi hukutana. Mnamo Juni 30, 2023, lori lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, likagonga matatu na watu waliokuwa wakifanya biashara kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walifariki.

Wajibu wa kusimama

Wajibu wa kwanza wa dereva aliyehusika katika ajali ni kusimama. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtaka asimame na, akiulizwa na mtu mwenye sababu ya kuuliza, atoe jina na anwani yake, jina na anwani ya mwenye gari, na nambari ya usajili. Iwapo kwa sababu yoyote ile hakutoa maelezo hayo, ni lazima aripoti ajali kwa polisi mapema iwezekanavyo, na kwa vyovyote vile kabla ya saa 24 kwisha.

Dereva anayetoroka, hata ikiwa hakuwa na kosa katika ajali yenyewe, hujitia katika kosa jingine. Isitoshe, kutoroka kwake hutumiwa na upande wa pili kuonyesha kuwa alijua ana la kuficha.

Sheria hupimaje lawama?

Kinyume na wanavyodhani wengi, kutokea kwa ajali pekee si thibitisho kwamba fulani alifanya uzembe. Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, anayedai ndiye anayepaswa kuthibitisha. Mdai huhitajika kuonyesha kwamba dereva alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu, kwamba aliukiuka wajibu huo, na kwamba ukiukaji huo ndio uliosababisha jeraha au hasara anayoidai.

Katika makutano, kipimo cha uangalifu hutokana na kanuni za barabara zinazofahamika. Gari linalotoka katika barabara ndogo hulipisha lililo katika barabara kuu. Dereva anayeukaribia mzunguko hulipisha magari yanayotoka upande wake wa kulia, ambayo tayari yamo ndani ya mzunguko. Anayekata kona kuelekea kulia hungoja magari yanayokuja mbele yake yapite. Anayefuata gari jingine hutakiwa kuacha nafasi ya kutosha ili aweze kusimama pasipo kuligonga kwa nyuma. Na kwenye kivuko cha waendao kwa miguu, anayevuka hupewa nafasi.

Kuvunja mojawapo ya kanuni hizi hakumfanyi dereva kuwa na hatia papo hapo katika kesi ya fidia, lakini mahakama huweza kukuzingatia kama ishara ya uzembe. Vivyo hivyo, kuwa na haki ya kupita si kinga kamili. Taa ya kijani haimpi dereva ruhusa ya kufumba macho. Aliyeona, au aliyepaswa kuona, kwamba mwenzake ameingia makutano kimakosa na bado akaendelea kwa kasi ilhali angeweza kufunga breki, anaweza kubebeshwa sehemu ya lawama.

Lawama hugawanywa

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Kenya haimtafuti mkosaji mmoja tu. Chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, mahakama huweza kugawa lawama kati ya pande mbili au zaidi kulingana na mchango wa kila mmoja.

Tuseme mwendeshaji bodaboda amegongwa na gari dogo lililoingia barabara kuu bila kusimama, na hakimu akakadiria fidia kuwa Sh800,000. Iwapo itabainika kwamba mwendeshaji huyo naye alikuwa akiendesha usiku bila taa, na kwa sababu hiyo akalaumiwa kwa asilimia 30, atapokea Sh560,000. Kosa lake halikumnyima haki yote; limempunguzia tu.

Na je, kila dereva akishikilia lake na kukosekana ushahidi wa kuamua nani msema kweli? Mahakama ya Rufaa ilisisitiza mwaka 2006 kwamba, pale ambapo imethibitika magari yaligongana lakini haiwezekani kutambua ni dereva yupi mkosaji, wote wawili wabebe lawama sawa. Kwa dereva asiye na hatia aliyezembea kukusanya ushahidi, uamuzi wa nusu kwa nusu ni adhabu chungu.

Abiria yumo katika hali tofauti. Kwa kuwa hakushika usukani, ni nadra kulaumiwa kwa mgongano wenyewe, na anaweza kuwashtaki wenye magari yote mawili ili mahakama iamue nani alipe kiasi gani. Hata hivyo, kutofunga mkanda kunaweza kumpunguzia fidia. Kwa upande wa watoto, mahakama zetu kwa miongo mingi zimeshikilia kuwa mtoto wa chini ya miaka 10 hawezi kulaumiwa kwa kuchangia ajali iliyomjeruhi.

Kesi mbili, si moja

Ajali moja huweza kuzaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai, ambapo Serikali humshtaki dereva chini ya Sheria ya Trafiki, kwa mfano kwa kuendesha bila uangalifu au, kifo kikitokea, kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kosa ambalo kifungo chake kinaweza kufikia miaka 10. Ya pili ni ya madai, ambapo mwathiriwa mwenyewe hutafuta fidia.

Faini inayotozwa katika kesi ya trafiki huingia katika hazina ya Serikali, wala haimfikii aliyejeruhiwa. Hata hivyo, kesi hiyo ina manufaa yake. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema hukumu ya mwisho ya kumpata mtu na hatia ni thibitisho kamili kwamba alitenda kosa hilo. Dereva aliyekiri kosa mbele ya hakimu ili alipe faini na kwenda zake atapata shida kubwa kulikana baadaye, ingawa bado anaweza kudai kuwa mwenzake pia alichangia. Kwa sababu hiyo, si busara kukiri kosa la trafiki kwa pupa kabla ya kupata ushauri wa wakili.

Hatua za kuchukua

Baada ya majeruhi kupelekwa hospitalini, aliye na uwezo wa kusimama anapaswa kupiga picha za magari yakiwa pale pale yalipogongana, alama za breki, vioo vilivyotapakaa, taa za trafiki na mabango ya barabarani. Nambari za usajili, stika za bima na nambari za simu za mashahidi wasio na uhusiano na upande wowote ziandikwe. Neno la muuza magazeti aliyekuwa kwenye kona huweza kuwa na uzito kuliko la abiria wote wa gari moja.

Hatua inayofuata ni kituo cha polisi, ambako tukio huandikishwa na kupewa nambari ya OB. Polisi hutoa abstrakti, waraka unaotaja magari, madereva, waliojeruhiwa na kampuni za bima. Aliyejeruhiwa huchukua pia fomu ya P3, ambayo hujazwa na daktari. Fomu yenyewe hutolewa bila malipo. Ni muhimu kukagua kama majina na tarehe zimeandikwa sawasawa, maana kosa dogo katika abstrakti hugeuka kuwa hoja kubwa mikononi mwa wakili wa upande wa pili.

Kila risiti ihifadhiwe, iwe ya dawa, ya picha za eksirei, ya teksi ya kwenda kliniki au ya kuvuta gari. Fidia ya maumivu hukadiriwa na mahakama, lakini gharama zilizotumika hazikadiriwi. Ni lazima zitajwe katika hati ya madai na kuthibitishwa moja baada ya nyingine. Shilingi isiyo na risiti aghalabu hupotea.

Mwathiriwa huhitaji pia kumjua mwenye gari. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi kithibitishwe kinyume. Rekodi hiyo hupatikana kutoka kwa NTSA. Mwenye gari hulipia makosa ya dereva aliyemwajiri au aliyekuwa akiendesha kwa niaba yake. Hii ndiyo sababu aliyeuza gari bila kubadilisha usajili huweza kujikuta akiitwa mahakamani kwa ajali asiyoijua.

Bima hulipa nini?

Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inalazimisha kila gari kuwa na bima ya kuwakinga watu wengine dhidi ya kifo au majeraha. Kiwango ambacho kampuni hulazimika kumlipa mtu mmoja chini ya sheria hiyo kina kikomo cha Sh3 milioni. Fidia ikizidi hapo, salio hudaiwa mwenye gari.

Bima hiyo ya lazima haimtengenezei mwenye gari gari lake. Anayetaka kinga hiyo hununua bima kamili. Vyovyote iwavyo, mwenye bima anapaswa kuijulisha kampuni yake mara moja na asikiri kosa wala kuahidi malipo bila idhini yake. Mdai naye anapaswa kuhakikisha kuwa kampuni ya bima ya mshtakiwa imepewa notisi ya kesi mapema, ikiwezekana kabla ya kesi kuwasilishwa. Bila notisi hiyo, kampuni inaweza kukwepa kulipa hata baada ya mdai kushinda. Ikiwa ilipewa notisi na bado ikakataa kulipa, mwathiriwa anaweza kuishtaki kampuni hiyo moja kwa moja ili itimize hukumu.

Saa ya sheria haisimami

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Sheria ya muda wa kesi, Sura ya 22, inatoa miaka 3 tangu siku ya ajali kuwasilisha kesi ya uzembe. Ikiwa gari lililosababisha ajali ni la Serikali, muda huo ni miezi 12 pekee. Mazungumzo na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo. Wapo waliozungushwa kwa ahadi za "njoo wiki ijayo" hadi mlango wa mahakama ukafungwa.

Madai yasiyozidi Sh1 milioni yanaweza kupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi mwaka 2021, ambako sheria inataka uamuzi utolewe katika siku 60 na ambako mdai anaweza kujiwakilisha. Madai makubwa zaidi huenda kwa mahakimu, ambapo hakimu mkuu husikiliza kesi za hadi Sh20 milioni.

Waliofiwa nao wana haki yao. Mume au mke, watoto na wazazi wa marehemu wanaweza kudai chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, kwa riziki waliyoipoteza, katika muda wa miaka 3 tangu kifo. Madai kwa niaba ya mali ya marehemu huhitaji kwanza kibali cha mahakama cha kusimamia mirathi. Familia inayoshughulikia mazishi na kusahau kibali hicho hujikuta imechelewa.

Jihadhari na hati ya haraka

Mtego wa mwisho huwafikia waathiriwa wakiwa bado kitandani. Huja mtu asiyejulikana, mwenye maneno matamu na karatasi ya kutia sahihi. Huenda akawa wakala anayetafutia wakili wateja, desturi iliyopigwa marufuku na Sheria ya Mawakili, au mjumbe wa mwenye gari mwenye Sh20,000 za "kumaliza mambo". Sahihi iliyotiwa chini ya maneno kwamba mhusika amelipwa na hana dai jingine inaweza kutumiwa kumfungia mlango wa fidia, hata kama jeraha litabainika baadaye kuwa la kudumu.

Ni heri karatasi hiyo isubiri. Mfupa huchukua majuma kuonyesha kama umeunga vyema, na daktari ndiye anayeweza kusema iwapo mguu huo utamrudisha mwenyewe kazini. Hadi hapo, hakuna anayejua thamani ya dai, na asiyejua thamani ya kitu chake hana haja ya kukimbilia kukiuza.