Mechi Isiyochezwa Kamaishi

Kati ya mechi zote za Kombe la Dunia la Raga la mwaka 2019 huko Japani, inayonijia akilini mara kwa mara ni moja ambayo haikuchezwa. Ilikuwa iwe baina ya Namibia na Kanada, tarehe 13 Oktoba, katika mji wa Kamaishi, pwani ya kaskazini mashariki.

Tarehe 10, kimbunga Hagibis kikiwa bado baharini, wasimamizi walitangaza kufuta mechi mbili za tarehe 12: England na Ufaransa, na Nyuzilandi na Italia. Kwa kanuni za mashindano, mechi za makundi hazikusogezwa siku nyingine; zilihesabiwa sare, kila timu pointi 2. Lawama zikazuka. Mashabiki walikuwa wamevuka bahari kwa gharama kubwa. Italia ilitolewa bila kugusa mpira, na nahodha wake, Sergio Parisse, akalalamika kwamba lau Nyuzilandi ndiyo iliyohitaji pointi, mechi isingefutwa. Wakuu wa raga wa Uskoti nao walitishia kwenda mahakamani iwapo mechi yao na Japani ingefutwa.

Hasira ile naielewa. Hasara ya tahadhari huonekana kwa macho: tikiti, nauli, matumaini. Faida yake haionekani, kwa kuwa hakuna awezaye kuwahesabu watu ambao hawakufa. Mwalimu mkuu anayeahirisha michezo kwa kuhofia radi, radi isipopiga, huitwa mwoga.

Kimbunga kilitua jioni ya tarehe 12, kikaua watu zaidi ya 80. Kesho yake asubuhi mechi ya Kamaishi ikafutwa. Namibia, ambayo ilikuwa haijapata kushinda hata mechi moja ya Kombe la Dunia, ikapoteza nafasi yake nzuri kuliko zote. Wachezaji wa Kanada walishika makoleo wakaenda kuwasaidia wenyeji kuzoa matope. Jioni hiyo, mjini Yokohama, Japani na Uskoti walicheza baada ya kusimama kimya kuwakumbuka waliokufa. Japani ikashinda 28 kwa 21.

Sasa, ndugu msomaji, tuutazame uwanja wa Kamaishi wenyewe. Umejengwa mahali zilipokuwa shule mbili, moja ya msingi na moja ya sekondari. Tarehe 11 Machi 2011, ardhi ilipotetemeka, wanafunzi wa sekondari walikimbilia mlimani kama walivyozoezwa. Wale wa msingi wakawafuata, wakubwa wakiwashika wadogo mikono. Tsunami ikazimeza shule zote mbili. Katika mji ule watu zaidi ya 1,000 walikufa au kupotea, lakini wanafunzi wake wapatao 3,000 karibu wote walinusurika.

Watoto wale walikuwa wamefanya mazoezi ya kukimbia katika siku ambazo bahari ilikuwa shwari. Mtu aliyepita njiani angeweza kudhani kwamba vipindi vya masomo vinapotezwa bure. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, lakini hawakutuambia kwamba mwenye kukinga hushukuriwa mara chache.

Mechi ya Namibia na Kanada imeandikwa vitabuni 0 kwa 0. Anayeona hesabu hiyo kuwa ni dhuluma kwa wachezaji na mashabiki hakosei sana. Namwomba tu akumbuke chini ya nyasi zile palikuwa na nini, na kwa nini watoto wake wako hai.