Ukuta Unaosomeka: Hekalu la Thanjavur na Lugha ya Kitamili

Katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, upo mji wa kale wa Thanjavur, uliokuwa makao makuu ya wafalme wa Chola. Wageni wengi huenda huko kulitazama hekalu la Brihadisvara, lililojengwa kwa mawe ya granaiti kwa amri ya mfalme Rajaraja wa Kwanza na kukamilika mwaka 1010. Mnara wake una urefu wa zaidi ya mita 60, na UNESCO ililiingiza hekalu hilo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987. Hata hivyo, kwa mwalimu wa lugha, hazina kubwa iko chini ya mnara huo, mahali ambapo mgeni mwenye haraka hupita bila kutazama: kuta zilizojaa maandishi.

Rajaraja aliagiza kuwa zawadi zote zilizotolewa hekaluni, ziwe zake mwenyewe, za dada yake mkubwa Kundavai, za wake zake au za watu wengine, zichongwe kwenye mawe. Sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kitamili. Humo imo orodha ya wanawake 400 waliohamishwa kutoka mahekalu mengine ili wahudumu na kucheza ngoma mbele ya mungu Shiva. Kila mmoja ametajwa kwa jina, hekalu alikotoka, mtaa na nyumba aliyopewa. Wametajwa pia wahasibu, mafundi wa kushona, wafinyanzi, vinyozi na madobi. Taa moja ilitengewa kondoo 96, ili wachungaji walete samli ya kuiwasha kila siku.

Aidha, maandishi hayo yanataja waimbaji 48, pamoja na wapiga ngoma wawili, waliowekwa kuimba tenzi za Kitamili zilizotungwa na Appar, Sambandar na Sundarar katika karne ya 7 na ya 8. Hivyo, lugha ya watu ilisikika hekaluni sambamba na Kisanskriti cha makuhani.

Tawala zilizofuata nazo ziliandika. Wamaratha, walioitwaa Thanjavur katika miaka ya 1670, walichonga historia ya ukoo wao kwa Kimarathi mwaka 1803, enzi za Serfoji wa Pili. Kila mtawala alitaka lugha yake isomeke pale.

Ikumbukwe kuwa suala hili halikuishia kwenye mawe. Kabla ya sherehe ya kuliweka hekalu wakfu upya, waliotaka ibada iendeshwe kwa Kitamili walifikisha madai yao katika Mahakama Kuu ya Madras, kwani Kisanskriti ndicho kilichozoeleka. Mahakama iliamua lugha zote mbili zitumike, na sherehe ikafanyika tarehe 5 Februari 2020.

Je, sisi walimu wa Kiswahili tunajifunza nini? Kwamba heshima ya lugha hupimwa kwa kazi inazopewa. Kitamili kilihesabu kondoo, kikagawa nyumba na kikamwomba Mungu. Tuwatume basi wanafunzi wetu wakaangalie maandishi ya msikiti, kanisa, soko na ofisi za karibu, waorodheshe lugha zilizotumika, kisha waulize ni nani aliyeamua hivyo, na Kiswahili kimeachiwa kazi gani.