Chuma na Majina Yake Forodhani

Siku moja nilipokuwa nikifundisha darasa habari za biashara, niliweka juu ya meza vitu vinne: jembe lisilo na mpini, msumari, kipande cha bati la kuezekea, na kipande cha seng'enge ya miiba. Nikawauliza watoto, "Hivi ni vitu gani?" Wakajibu kwa sauti moja, "Ni chuma, Mwalimu." Jibu hilo ni jema mbele ya mhunzi, lakini karani wa forodha halimtoshi. Kwake yeye msumari ni nambari 7317, seng'enge ya miiba ni 7313, bati ni 7210, na jembe halimo kabisa katika sura za chuma, bali limo katika sura ya zana, nambari 8201. Tena ushuru hufuata jina. Basi mtu wa Butiama aendaye dukani Musoma kununua bati hulipa, asijue, gharama ya jina ambalo bati lile lilipewa bandarini.

Zamani mambo hayakuwa hivyo. Wahunzi wetu, waitwao Waturi, walifua chuma kwa nyundo na mivuo, na majembe mengi ya pande hizi za Ziwa yalitoka Uzinza, ambako Warongo waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa makaa. Bei ilikuwa mapatano ya watu wawili. Huko pwani ndiko kulikokuwa na forodha, nayo ilikuwa nyepesi kufahamika: katika mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa mwaka 1833, mali iliyoshushwa ilitozwa 5 kwa mia, basi. Ikiwa ni nguo, ikiwa ni masango ya shaba, ikiwa ni nyaya za chuma, kiwango kilikuwa kile kile. Penye kiwango kimoja, nani atagombania jina?

Mwezi wa Desemba 1901 reli itokayo Mombasa ilifika Kisumu, na bidhaa za Ulaya zikapata njia ya meli hata ng'ambo hii ya Ziwa, iliyokuwa nchi ya Wadachi. Waingereza walipotawala pande zote mbili, waliunganisha forodha kidogo kidogo: Kenya na Uganda mwaka 1917, kisha Tanganyika ikasogezwa karibu mwaka 1923 na 1927, hata idara zikawa moja mwaka 1949. Katika miaka hiyo viwango viliongezeka, na majina yakaanza kuwa na uzito. Kule Kenya mashine za kilimo za walowezi ziliingia bila ushuru, na nguo za mwananchi zikatozwa. Mimi sioni kwamba jambo hilo lilitokea kwa bahati. Aandikaye orodha ndiye achaguaye nani alipe.

Orodha itumikayo leo ilikubaliwa na mataifa huko Brussels mwaka 1983, ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1988. Chuma kimepewa sura mbili: ya 72 ni ya chuma kilichotoka tanuruni na kufanywa mabamba, fito na nyaya, ya 73 ni ya vitu vilivyotengenezwa kwa chuma hicho. Lakini ndani yake mna mambo ya ajabu. Bamba lenye upana wa milimita 600 lina nambari yake, na lililopungua hapo hata kidogo lina nyingine. Jembe lisilo na mpini huhesabiwa kuwa jembe kamili, maana limekwisha kuwa na tabia ya jembe. Nadhani mkulima yeyote angehukumu hivyo hivyo. Kubwa kuliko yote ni habari ya madini yaitwayo boroni. Chuma cha pua chenye boroni 0.0008 kwa mia huacha kuitwa chuma cha kawaida, huitwa chuma mchanganyiko, ingawa ujenzi wake ni ule ule. Wauzaji wa Uchina walitia chembe hizo kusudi warudishiwe kodi na serikali yao, hata serikali ikaifunga njia hiyo kuanzia tarehe 1 Januari 2015.

Kwetu Afrika ya Mashariki, umoja wa forodha ulianza tena tarehe 1 Januari 2005, baada ya Jumuiya ya kwanza kuvunjika mwaka 1977. Viwango vikawa vitatu: mali ghafi bure, iliyotengenezwa nusu 10 kwa mia, iliyokamilika 25 kwa mia. Tarehe 1 Julai 2022 kikaongezwa cha nne, 35 kwa mia, na baadhi ya vitu vya chuma vikawekwa humo. Kusudi ni kuvilinda viwanda vyetu, navyo vinastahili kulindwa, kwa kuwa huajiri vijana wetu. Hata hivyo bati lile lile lililo bidhaa kamili kwa mwenye kiwanda, kwa mjane anayeezeka nyumba ndilo mali ghafi yake, wala orodha haina kifungu cha mjane.

Mtoto mmoja aliuliza habari za kisu cha mamaye, kilichofuliwa na mhunzi wa sokoni kwa springi ya gari kuukuu. Nikamwambia kwamba springi ile ikija peke yake bandarini ni nambari 7320, ikija chini ya gari hutozwa kama gari. "Na sasa ni nambari gani?" akauliza. Nikamjibu kwamba sasa ni kisu cha mamaye, na mhunzi alipokifua hakuna karani aliyepita kukiuliza jina.