Mkuu Mpya wa Chuo

Niliwahi kuwa mjumbe wa bodi ya chuo kimoja kidogo cha Biblia. Mkuu wetu wa kwanza alipofariki akiwa kazini, tulimchagua mrithi wake kwa alasiri moja tu, kwa sababu wajumbe waliotoka mbali walitaka kuwahi basi la jioni. Tulibishana sana juu ya nyumba atakayokaa, gari na posho. Kwamba mtu huyu atatutolea wahubiri wa namna gani, hilo halikuulizwa na yeyote, na mimi mwenyewe sikuuliza. Nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu, nikaenda zangu kituoni.

Alasiri hiyo imenirudia mara nyingi tangu nilipoanza kusoma habari za chuo cha wamisionari cha Basel, mji wa Uswisi uliopakana na Ujerumani na Ufaransa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna sababu ya kukijali chuo hicho. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann, waliofanya kazi Rabai karibu na Mombasa, wote wawili walipitia pale. Kamusi ya Kiswahili aliyoiandika Krapf ilichapwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Chama cha Misioni cha Basel kiliundwa 1815, na mwaka uliofuata chuo kikafunguliwa kwa wanafunzi saba. Mkuu wake aliitwa Inspekta. Wa kwanza alikuwa Christian Gottlieb Blumhardt, mchungaji kutoka Württemberg, Ujerumani ya kusini, na wanafunzi wengi pia walitoka huko, wana wa wakulima na mafundi. Lakini fedha na kauli ya mwisho vilikuwa mikononi mwa Halmashauri, yaani wachungaji na matajiri wa mji wa Basel. Kwa hiyo Inspekta alisimama katikati: kwa wanafunzi alikuwa baba, kwa matajiri alikuwa mwajiriwa. Atakayeshika nafasi hiyo hana budi kujua lini aseme na lini anyamaze.

Katika siku za Blumhardt chuo kilifundisha watu ambao wengi wao walichukuliwa na vyama vingine, hasa chama cha Kianglikana cha Uingereza, CMS. Krapf aliingia 1827, akatoka baada ya miaka kama miwili kwa mashaka ya moyo, akasomea uchungaji kwao, kisha akarudia wito wake na kutumwa na Waingereza hao.

Basel wenyewe walikuwa pia na kazi yao, na kazi iliyowaumiza kuliko zote ilikuwa ile ya Pwani ya Dhahabu, yaani Ghana ya leo. Vijana wanne walifika huko mwishoni mwa 1828. Kabla ya mwaka kwisha watatu walikuwa kaburini, na wa nne akafa 1831. Wakapelekwa wengine. Kufikia 1840, kati ya wamisionari tisa waliokwenda, wanane walikuwa wamekufa, akabaki Andreas Riis peke yake, naye akarudi Ulaya.

Hapo ndipo yalipotokea mabadiliko ya uongozi. Blumhardt alifariki Desemba 1838, na 1839 mahali pake pakachukuliwa na Wilhelm Hoffmann, kijana wa miaka thelathini na kitu. Hebu fikiri, msomaji, mtu anakabidhiwa meza ya marehemu, na juu yake orodha ya makaburi. Halmashauri ilikuwa na kila sababu ya kuifunga kazi ile, na nadhani hata mimi ningepiga kura ifungwe. Hoffmann alisimama upande wa kuendelea, lakini kwa njia nyingine: watafutwe Wakristo weusi wa visiwa vya Karibi, ambao asili yao ni Afrika. Inasimuliwa kwamba mfalme wa Akropong alikuwa amemwambia Riis kuwa angewasadiki kama angeonyeshwa watu weusi wanaokijua kitabu cha Wazungu. Aprili 1843 watu 24 kutoka Jamaika na Antigua walishuka Christiansborg, mjini Accra. Wachache walirudi makwao baadaye, waliobaki wakawa msingi wa kanisa la Akropong.

Rebmann naye aliingia chuoni 1839, mwaka ule ule wa Hoffmann. Huko Rabai yeye na Krapf hawakupatana kila mara: Krapf aliota mnyororo wa vituo toka pwani hata pwani ya pili ya Afrika, Rebmann akapenda kukaa mahali pamoja, na akakaa, toka 1846 hadi 1875, akapofuka macho huko huko. Sitaki kusema kwamba tofauti hiyo ilitoka kwa wakuu wao, kwa maana tabia mtu huzaliwa nayo. Wote wawili walizikwa Korntal, kijiji ambacho mwanzilishi wake alikuwa baba yake Hoffmann.

Mwaka 1850 Hoffmann aliondoka, akaja Joseph Josenhans, aliyeongoza hadi 1879. Huyu alikuwa mtu wa utaratibu. Kazi ilikua sana mikononi mwake, na 1860 chuo kikahamia jengo kubwa jipya. Lakini utii ulikazwa kuliko zamani. Ndugu walitakiwa kuangaliana na kutoa habari za makosa ya wenzao, na mmisionari hakuruhusiwa kuoa bila kibali cha Halmashauri.

Johannes Zimmermann alifika Christiansborg 1850, na 1851 akaoa bila kibali. Mke wake, Catherine Mulgrave, alikuwa mmoja wa wale waliotoka Jamaika: mzaliwa wa Angola, aliyeibwa utotoni na kupakiwa katika meli ya watumwa iliyovunjika karibu na kisiwa hicho. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana, na mumewe wa kwanza waliachana. Halmashauri haikumfukuza Zimmermann, ila ilimwambia kwamba hatahesabiwa tena kuwa raia wa Ulaya. Akakubali, akaendelea na kazi. Sarufi yake ya lugha ya Kiga ilitoka 1858, na Biblia ya Kiga kwa sehemu kubwa ni jasho lake. Angefukuzwa, nani angeifanya kazi hiyo?

Mkuu tuliyemchagua sisi alikuwa mtu wa utaratibu pia, na simlaumu, ndivyo tulivyomtaka. Katika mwaka wake wa pili alileta mbele ya bodi jina la mwanafunzi aliyeoa bila kuomba ruhusa. Kijana huyo ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote katika kutafsiri mahubiri kwa lugha ya nyumbani kwao. Tulimfukuza kwa kura zote. Ya kwangu ilikuwamo.

Baada ya kusoma habari za Zimmermann nilimtafuta, nikaambiwa ana duka la mbegu na bado anahubiri Jumapili, bila cheti. Nikamwandikia barua ya kuomba radhi. Alijibu kwa mistari minne. Alisema barua imefika, mvua kwao ni nzuri, na mama watoto ananisalimu.