Elimu ya mama na chanjo za utotoni

Kuna uhusiano kati ya kiwango cha elimu cha mama na mtoto wake kukamilisha chanjo. Nchini Tanzania mtoto hurudishwa kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18; mama anayeisoma kadi ya kliniki mwenyewe na kumhoji muuguzi bila woga hapotezi tarehe kirahisi. Mwaka 1979 mwanademografia John Caldwell, kwa takwimu za Nigeria, alihusisha elimu ya mama na kupungua kwa vifo vya watoto. Wakosoaji wakauliza, kwa haki: ni shule, au ni kipato na makazi? Watafiti Sonalde Desai na Soumya Alva (1998) walipochambua nchi 22 kwa kuzingatia hayo, uhusiano na chanjo ulisalia katika takriban nusu ya nchi hizo.