Ndege wa Kaskazi Katika Pwani ya Kendwa

Huku Unguja hatuna theluji. Walakini majira ya baridi ya Ulaya na Asia twayajua kwa dalili mbili: upepo wa kaskazi, na ndege waujao nao.

Mtu asimamaye juu ya majabali ya Kendwa mwezi wa Januari, maji yakipwa, huwaona. Sululu hutembea baina ya mawe yaliyochongoka, akichokoa mashimo kwa mdomo wake uliopinda. Jina lake ni moja na lile la chombo cha kuchimbia, na aliyempa hakukosea. Vitwitwi hulikimbia wimbi, kisha hulifuata. Mara nyingine hushuka ndege weupe wenye migongo myeusi na mdomo mnene mweusi, ambao chakula chao kikubwa ni kaa.

Siku moja tulikuwa hapo na wanafunzi wetu, na mmoja akauliza, "Mwalimu, upepo wa kusi ukiingia, hawa huenda wapi?"

Tukajibu, "Huenda kwao."

"Kwao ni wapi?"

Tukanyamaza. Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akisuka dema, akasema, "Huja na majahazi, wakarudi na majahazi." Tulicheka kidogo, na sasa twaona haya kwa kicheko kile.

Maana wenye elimu wa Ulaya walikosea kuliko mzee huyu. Aristotle, mwanachuoni wa Kiyunani, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi. Na baada yake watu kwa karne nyingi walisadiki kwamba hulala katika tope chini ya maji. Hata mwaka 1822, huko Klütz katika Ujerumani, akapigwa korongo mwenye mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, naye alikuwa ameruka nao safari yote! Mwaka 1899 Mortensen wa Denmark, mwalimu wa shule kama sisi, alianza kuwavika kwezi pete nyepesi miguuni zenye namba, ili aokotaye ndege apeleke habari.

Ndege wale walao kaa huzaa katika pwani na visiwa vya Omani na Ghuba. Huchimba pango mchangani, na jike hutaga yai moja jeupe. Wakiisha kulea, wengi huja kwetu. Omani ndiko yalikotoka majahazi mengi ya kaskazi, yakileta tende na kurudi na boriti kwa kusi. Safari zile za tanga zimekoma, ndege hawakukoma.

Bwana Pakenham, mtumishi wa Serikali ya Unguja, alichapisha habari za ndege wa Unguja na Pemba mwaka 1943, na kitabu kamili mwaka 1979. Hesabu za wavuvi wetu hazikuandikwa.

Mwanafunzi yule tulimpa daftari. Mstari wa kwanza aliandika: sululu wanne, Kendwa, maji kupwa.