Historia ya Tiba Tunayowasimulia Watoto

Walimu wa shule za msingi walio miongoni mwetu hukutana na shida ileile kila wanapofundisha jinsi tiba ilivyobadilika tangu zamani. Masimulizi yaliyozoeleka ni mafupi mno: wazee wetu walikuwa gizani, kisha daktari akaja na sindano, nuru ikaingia. Mtoto husikia hayo asubuhi darasani. Jioni humsikia bibi yake akisema kwamba sindano za wakoloni ziliwapofusha watu. Amwamini nani? Sisi tunaona kwamba bibi hasemi uongo, na kwamba somo lisilompa nafasi bibi halitafika mbali.

Tuchukue ugonjwa wa usingizi, ambao wengine huuita malale, unaoletwa na mbung'o. Mwaka 1903 waganga wawili, Joseph Everett Dutton na John Lancelot Todd, walitumwa na chuo cha tiba cha Liverpool kuuchunguza katika Kongo ya Leopold II. Walipanda mto mpaka Maniema, na njiani wakachunguza pia homa ya papasi, wakathibitisha kwamba kidudu kile kinachojificha ndani ya nyufa za nyumba za udongo ndicho kinachoiambukiza. Wenyeji walikuwa wakimwogopa papasi tangu zamani. Hapo mwalimu asimame kidogo, maana ni vema watoto wasikie kwamba wazee walilishuku jambo hilo kabla ya kuja kwa darubini. Waganga wote wawili walishikwa na homa hiyo, na Dutton alifia Kasongo tarehe 27 Februari 1905, akiwa na umri wa miaka 30.

Laiti tungeweza kuishia hapo! Dutton na Todd walikuwa wamependekeza wagonjwa wa usingizi watambuliwe kwa kupapasa shingo. Basi watu wakapangwa mstari, na aliyekutwa na tezi zilizovimba akashukiwa, hata kama uvimbe ulitokana na maradhi mengine. Kuanzia mwaka 1906 serikali ilifungua lazareti, ambamo mgonjwa alitengwa na ndugu zake, mara nyingi hadi kufa. Dawa iliyoitwa atoksili, yenye sumu ya aseniki, iliwapa wengine nafuu na kuwapofusha wengine. Masista waliwahudumia wagonjwa katika baadhi ya lazareti hizo, nasi Wakatoliki twapenda kulitaja hilo. Tutaje pia kwamba wagonjwa waliwekwa humo kwa nguvu na kwamba wengi walitoroka. Tena mtoto aelezwe kwamba ugonjwa uliwakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na njaa na kusukumwa misituni kutafuta mpira.

Miaka ikapita, dawa zikabadilika polepole. Melasoproli, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliweza kumwokoa mgonjwa ambaye ubongo wake umekwisha kuguswa, lakini yenyewe iliua wagonjwa wapatao 5 katika kila 100, na iliunguza mishipa ilipopita. Nayo ilitumika kwa zaidi ya miaka 50. Hatimaye waganga wa Kongo, wakiongozwa na Daktari Victor Kande, pamoja na wenzao wa nje, walijaribu vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa kwa siku 10, kwa wagonjwa waliokubali kwa hiari yao. Vidonge hivyo vilipata kibali mwaka 2018. Mwaka huohuo wagonjwa walioandikishwa Afrika nzima hawakufika 1,000, ilhali mwaka 1998 walikaribia 40,000.

Huenda mtu akauliza kwa nini tuwabebeshe watoto mambo mazito namna hii. Tunakumbuka yaliyotokea Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Ebola iliua watu 2,287 kati ya Agosti 2018 na Juni 2020. Mwezi wa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Walio mbali walisema ni ujinga. Neno hilo sisi hatulikubali. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wameishi miaka mingi katika mauaji yasiyokoma, kisha Desemba 2018 wakaambiwa kwamba hawatapiga kura pamoja na wenzao, na Ebola ikatajwa miongoni mwa sababu. Walikuwa na haki ya kushuku. Hata hivyo shaka hiyo nayo iliua, kwa kuwa mgonjwa aliyefichwa nyumbani aliwaambukiza wale waliomwuguza kwa upendo. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuyaelewa mambo yote mawili kwa pamoja, pengine upesi kuliko sisi.

Tunapendekeza mwalimu aanze na Msamaria wa Injili. Mafuta na divai alivyomimina juu ya majeraha vilikuwa dawa za wakati wake, na watoto wanamjua tayari. Kisha awatume nyumbani wawaulize wazee: ni dawa gani mlizitumia mlipokuwa wadogo, na ni tiba gani mliyoiogopa? Majibu yaandikwe ubaoni bila mtu kuchekwa, hata yale yanayotaja ulozi, ndipo darasa lifike Kasongo. Saa moja haitoshi kwa kazi hiyo. Sisi tungeipa majuma mawili.